Mionzi ya jua kwenye ncha za dunia: Namba hupimwaje, na kwa nini hazikubaliani?

Na Mwandishi Wetu

Taarifa zinazotolewa mara kwa mara kuhusu kupungua kwa barafu ya Greenland na Antaktika, kupanda kwa kina cha bahari na kuongezeka kwa joto duniani hutegemea namba nyingi ambazo mwananchi hazioni. Mojawapo ni kiasi cha mionzi ya jua kinachofika juu ya theluji na barafu katika maeneo ya ncha za dunia. Namba hiyo huingizwa katika modeli za tabianchi, katika makadirio ya kuyeyuka kwa barafu na hata katika mipango ya umeme wa vituo vilivyoko huko. Hata hivyo, vyanzo vitatu vinavyoitoa, yaani vituo vya ardhini, setilaiti na modeli za hali ya hewa, mara nyingi havipatani. Makala haya yanaeleza sababu za kutopatana huko, na jinsi wataalamu wanavyoamua chanzo kipi kiaminiwe na kwa kiasi gani.

Inafaa kuanza na jambo linalowashangaza wengi. Tarehe 21 Desemba, Ncha ya Kusini hupokea mionzi mingi ya jua kwa siku nzima kuliko Ikweta. Juu kabisa ya angahewa, wastani wa saa 24 wa siku hiyo ni takriban wati 560 kwa kila mita ya mraba katika Ncha ya Kusini, ilhali katika Ikweta ni takriban wati 410. Sababu ni kwamba huko jua halitui. Huzunguka angani usiku na mchana likiwa nyuzi 23 na nusu hivi juu ya upeo wa macho, wala halipandi zaidi ya hapo. Namba hizo za juu ya angahewa hazina ubishi, kwa kuwa zinatokana na hesabu za mzunguko wa Dunia na nguvu ya jua, ambayo setilaiti zimeipima kuwa wati 1,361 kwa mita ya mraba pale Dunia inapokuwa katika umbali wake wa wastani. Ubishi huanza mionzi ikishaingia katika hewa na mawingu, na huzidi inapokutana na theluji.

Uzito wa ubishi huo unaweza kuonekana kwa hesabu fupi. Chukulia eneo la ukingoni mwa Greenland wakati wa kiangazi, ambako theluji ya msimu imekwisha na kubaki barafu tupu iliyokwisha kufika nyuzi sifuri, inayorudisha nusu ya mionzi angani na kufyonza nusu. Iwapo makadirio ya mionzi yamezidi uhalisi kwa wati 20 tu kwa mita ya mraba, barafu hiyo itahesabiwa kuwa imefyonza wati 10 ambazo hazikuwapo. Kwa siku 60, joto hilo la kwenye karatasi linatosha kuyeyusha kilo 155 za barafu katika kila mita ya mraba, sawa na tani 155,000 kwa kilomita moja ya mraba. Maji hayo hayapo popote, lakini yataonekana katika majedwali, na kutoka humo yatafika katika makadirio ya kina cha bahari ambayo nchi zenye pwani, Tanzania ikiwemo, huyazingatia. Kosa likiwa la upande wa pili, maji yaliyopo kweli hayataonekana, na hilo ni baya zaidi. (Ikumbukwe kwamba barafu inayoelea baharini haipandishi kina cha maji inapoyeyuka, inayohusika ni ile iliyolala juu ya nchi kavu, kama ya Greenland na Antaktika.)

Chanzo cha kwanza, na ndicho kinachotumika kuwa hakimu wa vingine, ni vituo vya ardhini. Kifaa kikuu ni piranomita, chenye kibao cheusi kilichofunikwa kwa kuba la kioo. Kibao hupata joto kutokana na jua, na tofauti ya joto kati yake na mwili wa kifaa huzalisha umeme mdogo sana unaosomwa kuwa wati. Kifaa cha pili, pirheliomita, hufuata jua kama bomba la bunduki lifuatavyo shabaha na kupima mwanga unaotoka kwenye jua moja kwa moja. Piranomita nyingine hukingwa isipate jua lenyewe ili ipime mwanga uliotawanywa na anga pamoja na mawingu.

Kama ambavyo mizani ya dukani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, vifaa hivi navyo hufanyiwa ugezi, yaani hulinganishwa na kifaa kinachoaminika zaidi, ambacho nacho kimelinganishwa na kingine, hadi mnyororo unapofika katika Kituo cha Mionzi Duniani kilichopo Davos, Uswisi. Huko hutunzwa kundi la vifaa rejea, na kila baada ya miaka mitano wataalamu kutoka nchi mbalimbali hupeleka vifaa vyao kuvilinganisha chini ya jua moja. Mashaka ya kipimo rejea cha Davos hukadiriwa kuwa takriban asilimia 0.3. Kwenye ncha za dunia, hakuna anayetarajia kupata usahihi wa namna hiyo.

Data bora za ardhini hukusanywa na Mtandao wa Msingi wa Kupima Mionzi Usoni mwa Dunia, ujulikanao kwa kifupi cha BSRN, ulioanza kazi mwaka 1992. Vituo vyake hurekodi wastani wa kila dakika. Miongoni mwa vituo vya ncha ni Ny-Ålesund kwenye visiwa vya Svalbard, Utqiaġvik huko Alaska (mji uliokuwa ukiitwa Barrow), Alert nchini Kanada, Tiksi nchini Urusi, na kwa upande wa Antaktika, Neumayer cha Ujerumani, Syowa cha Japani, Concordia cha Ufaransa na Italia pamoja na kituo cha Marekani cha Amundsen-Scott kilichopo kwenye Ncha ya Kusini yenyewe. Ni vichache mno. Antaktika peke yake ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 14, zaidi ya mara 14 ya Tanzania, na vituo vya kiwango hiki vinahesabika kwa vidole vya mkono.

Uchache si tatizo pekee. Kimo cha jua nacho huvitesa vifaa. Piranomita inapaswa kulala sawasawa kabisa, na fundi huisawazisha kwa pimamaji iliyojengwa ndani yake. Jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo wa macho, kifaa kilichoinama nyuzi moja kuelekea jua kitazidisha mwanga wa moja kwa moja kwa takriban asilimia 1, kosa ambalo mtu anaweza kulivumilia. Jua likiwa nyuzi 10 tu, mwinamo huohuo wa nyuzi moja huzidisha mwanga huo kwa takriban asilimia 10. Sasa fikiria kifaa kilichosimikwa juu ya barafu ya Greenland, inayoyeyuka na kutembea. Nguzo iliyosimama wima mwezi Mei huweza kuwa imeinama mwezi Agosti bila mtu yeyote kuwapo kuiona. Ndiyo maana vituo vya mpango wa PROMICE, unaoendeshwa na taasisi ya jiolojia ya Denmark na Greenland tangu mwaka 2007, hurekodi pia mwinamo wa kifaa, ili data zirekebishwe baadaye. Data za zamani zilizokusanywa bila kipimo cha mwinamo hubaki na swali lisilo na jibu kamili.

Kisha kuna sakitu, ile barafu nyepesi inayoganda kwenye vitu usiku wa baridi. Sakitu ikikaa juu ya kuba la kioo huweza kuzuia mwanga au, kwa kinyume chake, kuutawanya na kuuelekeza kwenye kibao, hivyo hitilafu yake haina upande mmoja wa kutabirika. Kati ya Agosti 2017 na Julai 2018, watafiti walifanya jaribio maalumu huko Utqiaġvik lililopewa jina la D-ICE, wakipanga vifaa vya aina mbalimbali kwa pamoja, vyenye feni, vyenye vipasha joto na visivyo na kinga, huku kamera zikipiga picha za makuba yake. Ilionekana kwamba upepo wa feni unaopita juu ya kuba hufanya kazi kubwa ya kuzuia barafu kuliko wengi walivyodhani. Pamoja na teknolojia hiyo, katika vituo vyenye watu bado kuna mtumishi anayetoka kwenye baridi kali na kuyafuta makuba kwa mkono. Kwa maoni ya mwandishi, usahihi wa data za ncha unamtegemea zaidi mtumishi huyo kuliko mashine yoyote ya gharama.

Baridi ina hila nyingine. Anga ikiwa safi, kuba la kioo hupoteza joto kuelekea angani na kuwa baridi kuliko kibao kilicho ndani, na kifaa husoma wati chache chini ya sifuri, kana kwamba jua linadai badala ya kutoa. Kwenye Ikweta hitilafu ya wati 3 au 5 hupotea ndani ya wati 1,000 za adhuhuri. Kwenye ncha, ambako kipimo cha halali huweza kuwa wati 60, ni sehemu kubwa ya namba yote. Lakini hapa ncha zimejaliwa jambo ambalo sisi hatuna: usiku wa miezi. Wakati jua halipo kabisa, jibu sahihi linajulikana, nalo ni sifuri. Kwa wiki nyingi mfululizo mtaalamu huweza kutazama jinsi kifaa chake kinavyokosea chini ya anga safi na chini ya mawingu, kisha akakadiria masahihisho ya majira ya mwanga.

Setilaiti, ambazo ndizo chanzo cha pili, zina hadithi tofauti. Takwimu za jua za Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa hutokana na setilaiti za Meteosat za Ulaya, zinazokaa takriban kilomita 36,000 juu ya Ikweta na kupiga picha ya bara letu kila baada ya dakika 15. Kutoka hapo, ncha za dunia huonekana pembeni kabisa mwa duara au hazionekani. Kwa hiyo ncha hutegemea setilaiti zinazoruka chini zaidi, kama Terra na Aqua za Marekani zinazopita takriban kilomita 705 juu ya Dunia zikitoka ncha moja kwenda nyingine. Faida ni kwamba kila mzunguko hupita karibu na ncha, hivyo maeneo hayo hutazamwa mara nyingi kwa siku.

Tatizo ni kile zinachokiona. Setilaiti hutambua wingu kwa weupe wake juu ya ardhi au bahari yenye rangi nzito. Juu ya theluji mbichi, inayorudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga, wingu jeupe huwa mbele ya mandhari nyeupe. Njia ya pili ni joto: kwa kawaida kilele cha wingu ni baridi kuliko ardhi iliyo chini yake. Kwenye ncha kanuni hiyo hugeuka, kwa kuwa mara nyingi hewa ya juu ina joto kuliko theluji yenyewe, na wingu likawa na joto sawa na uso wa chini au zaidi. Programu ya kutambua mawingu inaweza basi kuliita wingu theluji, au theluji wingu. Ikikosea hapo, hesabu ya mionzi inayofika chini hukosea nayo. Isitoshe, mwanga unaorudishwa na theluji hupiga tumbo la wingu na kurudi chini tena, mara kadhaa, jambo linaloongeza mionzi usoni. Wasafiri wa huko huijua hali hii kwa macho: kila kitu huwa cheupe, kivuli hutoweka na mtu hawezi kutofautisha ardhi na anga.

Chanzo cha tatu ni modeli zinazorudia hali ya hewa ya miaka iliyopita kwa kuunganisha vipimo vyote vilivyopo, maarufu zaidi ikiwa ni ERA5 ya Ulaya, inayotoa namba kwa kila saa na kwa kila mraba wa takriban kilomita 31. Uzuri wake ni kwamba haina mapengo, na hapo ndipo watumiaji wengi huvutika. Lakini kutokuwa na pengo si ushahidi wa usahihi. Modeli za namna hii kwa muda mrefu zimekuwa na udhaifu unaojulikana kuhusu mawingu ya maeneo ya baridi. Kwenye mawingu hayo matone ya maji hubaki bila kuganda hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na wingu la matone huzuia mwanga zaidi kuliko wingu la chembe za barafu. Modeli zilizogandisha maji hayo mapema mno zilipitisha jua jingi mno, hasa juu ya Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, ambako kosa hilo limeandikwa na watafiti wengi.

Basi vyanzo hivi hulinganishwaje? Kwa maelezo mepesi, mtaalamu huchukua namba ya setilaiti au modeli, huiweka sambamba na ya kituo cha ardhini kwa saa ileile, na kutazama tofauti. Ripoti nyingi hutoa wastani wa tofauti hizo, na wasomaji huishia hapo. Wastani huo unaweza kupotosha. Tuseme siku ya anga safi kituo kilipima wati 300 na setilaiti ikasema 270, na siku ya mawingu kituo kikapima 150 na setilaiti ikasema 180. Wastani wa tofauti ni sifuri. Kwa kipimo hicho setilaiti imefaulu bila dosari, ilhali imekosea kwa wati 30 siku zote mbili. Kwa sababu hiyo lazima itazamwe pia hitilafu ya kila siku bila kujali upande wake, na siku za mawingu zitenganishwe na zile za anga safi.

Kuna desturi nyingine inayohitaji kuangaliwa. Kwa kuwa vipimo vya jua la chini vina mashaka, baadhi ya tathmini huviondoa vyote vilivyochukuliwa jua likiwa chini ya kimo fulani. Katika Dar es Salaam kuondoa vipimo vya chini ya nyuzi 10 ni kuondoa dakika 40 hivi za asubuhi na nyingine kama hizo za jioni. Katika Ncha ya Kusini, ambako jua huchukua takriban siku 26 kupanda kutoka upeoni hadi nyuzi 10 na siku kama hizo kushuka, ni kuondoa zaidi ya robo ya majira yote ya mwanga. Tathmini hiyo itasema data ni nzuri, na itakuwa imesema kweli kuhusu miezi ambayo haikuwa na shida.

Hata vipimo vya ukaguzi vya BSRN vinakiri ugumu huu. Mwanga wa jumla unaopimwa na kifaa kimoja unapaswa kulingana na jumla ya mwanga wa moja kwa moja na ule uliotawanywa, vinavyopimwa na vifaa vingine viwili. Jua likiwa zaidi ya nyuzi 15 juu ya upeo wa macho, tofauti inayokubalika ni asilimia 8. Likiwa chini ya hapo, tofauti ya hadi asilimia 15 hukubaliwa. Huo si uzembe wa waliotunga kanuni, ila msomaji wa ripoti anapaswa kufahamu kwamba hata hakimu mwenyewe ana mashaka yake.

Mahali kilipo kituo nako kuna maana. Ny-Ålesund ipo kando ya ghuba iliyozungukwa na milima na mito ya barafu. Mraba mmoja wa modeli wa kilomita 31 huchanganya bahari, vilele na barafu hizo zote katika namba moja, ilhali kifaa kinapima mita chache za pwani, ambako mlima huweza kulificha jua. Namba hizo mbili zikitofautiana, huenda zote ni sahihi. Kinyume chake, iwapo vipimo vya kituo vilishatumika kuirekebisha data inayotathminiwa, kulingana kwao si ushahidi wa kitu, sawa na mwanafunzi aliyepewa majibu kabla ya mtihani. Kwa sababu hiyo safari kama ile ya meli ya Polarstern, iliyokubali kunaswa na barafu ya Bahari ya Aktiki na kuelea nayo kuanzia Oktoba 2019 hadi Septemba 2020 katika msafara wa MOSAiC, zina thamani ya pekee: zilileta vipimo kutoka mahali ambapo hakuna kituo cha kudumu na haiwezekani kukijenga.

Wanaoishi huko wana sababu ya karibu zaidi ya kuzitaka namba hizi. Mji wa Longyearbyen, Svalbard, ulifunga mtambo wake wa umeme wa makaa ya mawe Oktoba 2023 na kuhamia dizeli huku ukitafuta nishati mbadala, na kituo cha Ubelgiji cha Princess Elisabeth, Antaktika, kilichozinduliwa mwaka 2009, hutumia upepo na jua. Anayepanga paneli kwa data iliyozidishwa kwa asilimia 10 ataliona pengo hilo katika pipa la mafuta, mahali ambapo kuongeza shehena si jambo la kupiga simu na kusubiri kesho.

Kwa upande wa Tanzania, barafu ya Mlima Kilimanjaro inauliza maswali yaleyale kwa namna yake. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu lililokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Tangu Februari 2000, kituo kinachojiendesha kilichowekwa na Chuo Kikuu cha Massachusetts juu ya Barafu ya Kaskazini kimepima mionzi inayoshuka na ile inayorudishwa na theluji. Huko jua hupita karibu na utosi, hivyo mwinamo mdogo wa kifaa hauleti hasara kama ya Greenland. Lakini sehemu ya barafu ya Kilimanjaro imesimama kama kuta, na ukuta haupokei jua kama uwanja ulio bapa: ule unaotazama kusini hupigwa na jua kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, na unaotazama kaskazini hupigwa miezi iliyosalia. Kifaa kilicholala sawasawa juu ya barafu, hata kikiwa sahihi kabisa, hakipimi mionzi inayofika kwenye kuta hizo. Wataalamu hulazimika kuikokotoa kwa kutenganisha mwanga wa moja kwa moja na ule uliotawanywa.